Haijaganda, Imegawana

Mwalimu wetu wa kemia hakuwahi kushika fimbo, na wazazi wa kijiji cha Daudi walimpenda kwa hilo. Siku ya kikao walipita kwa walimu wengine wamenuna, wakifika kwake wanavua kofia. "Huyu ndiye mwalimu. Mtoto wangu hajawahi kurudi na alama mwilini." Sisi tuliosimama nyuma yao tulitazama chini. Ungetuuliza, tungechagua fimbo. Fimbo ina mwisho wake. Unachapwa, unarudi kukaa. Neno lake ulirudi nalo bwenini, ukala nalo makande, na likizo ikifika ukaenda nalo nyumbani.

Nilimjua kwanza nikiwa mwanafunzi wake, kisha nikarudi shule ile ile kufundisha Kiswahili, nikakaa naye ofisi moja kwa miaka mingi kuliko niliyotaka. Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyo ya kuambiwa. Sikumpenda. Lakini sijapata kumsikiliza mtu kwa makini kama nilivyomsikiliza yeye, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Alikuwa mfupi, mwenye sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, alilolivaa hata jua likiwaka. Asubuhi, kabla ya kuingia maabara, alishika glasi ya chai kwa mikono miwili mpaka ipoe, kisha akasugua viganja kwa muda mrefu. Tulidhani ni mazoea ya mtu wa baridi. Baadaye tuligundua kwamba alikuwa anaviandaa viganja kwa kazi.

Kitu alichokipenda duniani kilikuwa protini. Chumvi aliidharau. "Chumvi haina msimamo," alisema, "ukiitia kwenye maji inapotea kama haikuzaliwa." Sukari aliidharau zaidi kwa sababu ilipendwa na watu wote. Protini aliiheshimu kwa kuwa ina umbo lake, inajua ikunje wapi na ikunjue wapi, na inachagua wa kukaa naye. Akizungumzia ute wa yai sauti yake ililainika, na mtu aliyepita dirishani angedhani ndani kuna mchungaji anayefungisha ndoa.

Kulikuwa na mwenzetu mwenye kigugumizi. Mwalimu alimsimamisha, akamuuliza swali, kisha akatoka nje. Tulimwona kupitia dirisha akienda ofisini, akimimina chai, akinywa bila haraka. Aliporudi alisimama mlangoni na kuuliza kwa upole kabisa, "Umefika wapi?" Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka pia, maana asiyecheka ndiye aliyesimamishwa siku iliyofuata. Yule mwenzetu siku hizi anauza vocha za simu sokoni, na bei anakuonyesha kwa vidole.

Jaribio lake kubwa la mwaka lilihitaji makongoro na gundi ya mgunga. Miguu ya ng'ombe aliichukua machinjioni, akaichemsha nyuma ya maabara kutwa nzima bila chumvi wala nyanya, kisha akauchuja ule mchuzi kwa kitambaa tena na tena mpaka ukawa safi, wa rangi ya chai hafifu. Sisi wa bweni, ambao nyama tuliiona sikukuu kwa sikukuu, tulikaa tukinusa. "Anayemeza mate," alisema bila kugeuka, "akameze nyumbani kwao." Gundi waliileta wanafunzi waliotoka Yaeda Chini, vidonge vya manjano walivyovibandua kwenye magome ya miti, akaviyeyusha kwenye maji ya moto. Vimiminika viwili, vyote safi, unaona upande wa pili. Akavichanganya kwenye chupa moja, akakamua ndimu juu yake tone kwa tone, na ghafla chupa yote ikawa nyeupe kama maziwa.

Hapo aliiweka mezani, akaendelea na somo lingine kama hakuna kilichotokea. Kipindi kilipokaribia kwisha, weupe ulikuwa umekwisha tulia. Chini palikuwa na kitu kizito cha manjano, juu maji mepesi, na katikati mstari mwembamba ulionyooka. Alitungoja. Alijua lazima mmoja wetu ataropoka, na kila mwaka alipatikana.

"Mwalimu, imeganda!"

"Haijaganda," alisema, na uso ukang'aa kwa furaha ya kumkamata mtu. Aliinamisha chupa, na kile kizito cha chini kikatembea polepole kufuata upande. "Kitu kilichoganda kinatembea hivi, wewe mfuko wa pumba? Haijaganda, imegawana. Haya yote bado ni maji. Protini zilikuwa nyingi, zikajuana na gundi, zikaona heri zikae pamoja na maji kidogo kuliko kutawanyika kwenye maji mengi. Hayo ya juu ni maji na wale wachache waliokosa wenzao. Na mlango uko wazi. Kila wakati kuna anayeshuka na kuna anayepanda. Ukibadilisha joto, ukibadilisha ndimu, yanarudi kuwa kitu kimoja. Kuganda ni msiba mwingine kabisa."

Haijaganda, imegawana. Maneno hayo aliyatumia kwa kila jambo. Kwaya ya kanisa ilipovunjika vipande viwili, alisema hivyo. Mkewe alipofunga mizigo yake na kwenda kuishi kwa kaka yake upande wa Hanang, alisema hivyo hivyo, miaka yote, kila mtu alipomuuliza, ingawa yule mama hakurudi hata kuchukua sufuria zake.

Darasani alitugawa vivyo hivyo. Baada ya mtihani wa kwanza wa kidato cha tatu, walioshinda waliitwa wazito wakakaa nyuma, kwenye madawati mazuri. Tulioshindwa tuliitwa maji ya juu tukakaa mbele, kando ya dirisha lenye kioo kilichovunjika, upepo wa mlimani ukituingia masikioni. Mtu yule yule aliyetuambia kwamba mlango uko wazi na watu wanapanda na kushuka, hakumhamisha mtu hata mmoja. Siku moja nilipata alama nzuri kuliko nusu ya wazito, nikaenda kumwonyesha karatasi. Aliisoma yote, akanirudishia. "Wewe," alisema, "hata ukizama utaelea." Nilikaa dirishani mpaka namaliza shule.

Jirani yangu wa dirishani alikuwa Paulina, binti wa wafugaji wa Gendabi. Alikuwa mrefu, mkimya, Kiswahili chake kikitembea kwa tahadhari. Nyumbani kwao yeye ndiye wa kwanza kufika sekondari, na barua za shule aliwasomea baba na mama yake kwa sauti. Mama yake alikuwa anaanza kuona ukungu. Paulina aliniambia kwamba mama siku hizi anamtambua ng'ombe kwa kengele na siyo kwa rangi, na kwamba kwao mwanamke asiyetofautisha rangi za ng'ombe amekwisha pungukiwa kitu kikubwa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi: mama yake aone au asione.

Sasa nije kwenye jicho la ndama.

Ilikuwa ule msimu wa baridi kali, asubuhi ukungu umelala mpaka uwanja wa mpira. Mwalimu alikuja na macho mawili ya ndama aliyechinjwa jana yake. Alipasua moja kwa wembe, akakamua, ikatoka gololi laini, kile kioo cha jicho. Macho yale yalikuwa yamelala dirishani kwenye baridi usiku kucha, na katikati ya gololi kulikuwa na doa jeupe kabisa. Akaiinua tulione. Kisha akakifumba kiganja chake, kile kilichotoka kwenye glasi ya chai, akangoja. Alipokifumbua doa halikuwapo. Gololi ilikuwa safi, ukaweza kuuona mstari wa kiganja chake kupitia ndani yake.

Hata mimi niliyemchukia nilitaka airudie.

"Humu ndani," alisema kwa ile sauti ya ndoa, "kuna protini nyingi mno ndani ya maji machache. Hakuna mahali mwilini zilipobanana hivi. Zikiwa na joto zinavumiliana, zinakaa zimejipanga sawasawa, mwanga unapita. Zikipoa zinavutana. Kunatokea vitone vya kizito ndani ya chepesi, vidogo sana, elfu na elfu, na mwanga ukigonga vitone hivyo unatawanyika. Ndio weupe mliouona. Ukizipa joto zinasameheana. Haijaganda?"

"Imegawana!" tuliitikia.

Paulina akanyoosha mkono. Hakuwahi kunyoosha mkono. "Mwalimu, mama yangu macho yake yana weupe kama huo. Akipata joto utaondoka?"

Mwalimu alimtazama. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake ukichagua. Jibu la kweli alikuwa nalo. Ng'ombe hai na mama hai wana joto lao siku zote. Weupe wa mtu mzima ni wa protini zilizokwisha shikamana kama yai la kuchemsha, na yai lililochemshwa halirudi. Aliyajua hayo kuliko mtu yeyote wilayani, na tulikuja kusomeshwa hilo la yai wiki chache baadaye. Lakini darasa lilikuwa mkononi mwake, na kicheko kilikuwa karibu zaidi kuliko ukweli.

"Mfumbe mama yako kiganjani hivi," alisema akionyesha, "halafu mngoje."

Watu wakaangua kicheko. Akasubiri kipungue, akamalizia, "Joto, binti. Mpeni joto." Akageukia ubao.

Mtu wa mjini angejua ametaniwa. Paulina alitoka kwenye boma ambalo neno la mwalimu lilifika likiwa zima, halikukatwa wala kuulizwa. Likizo fupi ilipofika alilibeba mpaka Gendabi, akalitoa mbele ya baba yake kama alivyotoa barua za shule. Baba aliagiza kitambaa kipashwe kwenye moto kila asubuhi na mama awekewe machoni. Paulina alibaki nyumbani wiki nzima zaidi kuwaonyesha namna ya kufanya. Somo la yai la kuchemsha lilimpita akiwa huko. Aliporudi, mwalimu alimsimamisha kwa kuchelewa. "Mheshimiwa ametoka kuchunga," alisema, na hakuuliza zaidi.

Baadaye madaktari wa macho walikuja Hanang na kuweka kambi. Majirani wakulima walipita bomani kumchukua mama. Baba alikataa. Alisema wamekwisha pewa dawa na mwalimu, na kwenda kwa mwingine ni kumvunjia heshima. Waliendelea na kitambaa. Paulina alipomaliza shule akaenda kusomea uuguzi, akaelewa katika darasa la wiki moja kile ambacho mwalimu wake hakumwambia. Alimbeba mama yake mpaka hospitali. Daktari alisema kioo cha jicho kilikuwa kimeiva kupita kiasi, kimelainika na kuvuja ndani, presha ya jicho imepanda na mshipa umekufa. Macho yote mawili. Hakuna cha kupasua.

Haya Paulina aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, nilipomkuta akiwa nesi wa macho katika hospitali moja ya Hanang. Aliyasema kwa sauti ya kawaida huku akikunja mashuka. Nilimuuliza kama amewahi kumwambia mwalimu. "Nikamwambie nini? Atacheka," alisema. Mimi nilirudi Daudi nikiwa nimelibeba jambo hilo, na sikumwambia mwalimu. Sikunyamaza kwa huruma. Nilitaka limfikie siku ambayo hatakuwa na watu wa kumchekea.

Siku ilijileta yenyewe. Mwalimu alistaafu, akabaki peke yake kwenye nyumba yake ya mlimani, na macho yake yakaanza kuwa meupe. Watu walipomwambia aende hospitali, alisema ni baridi ya Daudi tu. Nilipita asubuhi moja nikamkuta ameketi mlangoni, taulo la maji ya moto usoni, mvuke ukimtoka masikioni.

"Mwalimu, shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Naipa joto."

"Si ulitufundisha yai halirudi?"

"Haijaganda," alisema ndani ya taulo. "Imegawana."

Nilisimama pale nikitaka kucheka, kicheko kikakataa. Mtu huyu alikuwa amepasua macho ya ndama kwa wembe maisha yake yote, na sasa anaogopa wembe kiasi cha kujidanganya kwa uongo wake mwenyewe. Kilichomshinda hatimaye siyo giza. Bado alikuwa anachemsha makongoro yake kila mwaka, akiwa peke yake, na mwaka ule alinisogezea chupa na kuniuliza, "Mstari unauona?" Mstari ulikuwepo, mzuri, umenyooka. Nikamwambia nauona. Alikaa ameishika ile chupa karibu na pua kwa muda mrefu.

"Nipeleke," alisema.

Nilimpeleka kwenye hospitali ya Paulina. Zipo zilizo karibu zaidi. Paulina alituona tukiingia, akamtambua, akanitazama mimi na siyo yeye. Nilimuuliza kando atafanya nini. "Nitamsafisha jicho," alisema. "Wewe ulidhani nitafanya nini?"

Kwenye baraza kulikuwa na benchi refu, na mwishoni aliketi mama mmoja mzee, shuka begani, bangili za shaba mkononi, macho meupe yameelekea mlangoni. Nilimjua ni nani. Paulina alikuwa ameniambia kwamba mama yake huja kukaa pale siku za kazi ili asikie sauti yake. Benchi lilikuwa na nafasi nyingi. Nilimkalisha mwalimu pembeni yake.

"Nani amekaa?" mama aliuliza.

"Ni mzee tu wa Daudi, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri. Ni macho?"

"Ni macho. Na wewe?"

"Yangu yalishakwisha. Mimi namsikiliza binti yangu, ni nesi humu."

"Ulichelewa kupasuliwa?" Hata kwa kipofu alikuwa na namna ya kuuliza kama anasahihisha mtihani.

"Tulichelewa. Lakini usidhani sikutibiwa, nilitibiwa vizuri. Binti yangu alisoma huko kwenu juu. Mwalimu wake akanitumia dawa."

"Dawa gani?"

"Joto," mama alisema. "Kila asubuhi mume wangu alinipashia kitambaa. Watu wengine walisema nimerogwa, wengine walinikimbia. Yule mwalimu hajawahi kuniona, hanijui hata jina, akanikumbuka. Haikuponya, lakini nani mwingine alinikumbuka? Nilimtengea ndama jike. Binti yangu anakataa kumpelekea, sijui kwa nini, vijana wana aibu. Yule ndama ameshakuwa ng'ombe, amezaa mara nyingi. Wote wako zizini, wote ni wa mwalimu. Wewe wa Daudi, humjui? Alikuwa anafundisha mambo ya dawa za maabara."

Nilimtazama mwalimu midomo. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa miaka, na sasa ilipofika nilitaka nesi atoke aite jina lolote la mgonjwa.

"Binti anaitwa nani?" aliuliza hatimaye.

"Paulina."

Aligeuza uso upande wangu. "Ulijua," alisema.

"Nilijua."

Ndipo Paulina akatoka, akamshika mkono, akampeleka ndani.

Walimpasua jicho moja, la pili likaachwa kwa safari nyingine. Kesho yake asubuhi nilikuwepo Paulina alipombandua bandeji. Alimwonyesha vidole, akavihesabu sawa. Alimwonyesha dirisha, akasema kuna mti na kuna mbuzi chini yake. Kisha jicho lake likashuka kwenye kibandiko cha jina kifuani kwa nesi, likakaa hapo.

"Shikamoo, Mwalimu," Paulina alisema.

"Marahaba."

Paulina alingoja. Nadhani alimpa muda wa kutosha kabisa, muda mrefu kuliko ule aliowahi kupewa mwenzetu mwenye kigugumizi. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Paulina akamtia matone, akambandikia kwa plasta kifuniko cha plastiki inayopitisha mwanga, akamwambia asiguse jicho wala asiinamishe kichwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tulitoka barazani. Mama alikuwa mahali pake, na alizijua hatua zetu.

"Mzee wa Daudi? Umeona?"

Mwalimu alisimama mbele yake. Alimwona, hilo nitaapa. Alimwona zile mboni nyeupe, ngozi iliyoungua ungua kandokando ya kope kwa miaka ya vitambaa vya moto, na lile tabasamu lililomwelekea yeye kidogo pembeni, kama wasioona wanavyotabasamu.

"Bado, mama," alisema. "Sijaona kitu."

"Pole. Pole sana. Kaa hapa."

Akaketi. Mama akasugua viganja vyake, polepole, kwa muda mrefu, bangili zikigongana. Akapapasa mpaka akaufikia uso wake. Kidole kiligusa plasta upande mmoja, akakiondoa upesi, akahamia upande wa pili, akalifunika jicho lile ambalo bado lilikuwa na ukungu. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wa mwalimu, na lile jicho jipya halikuwa na pengine pa kutazama.

"Joto linafika?" aliuliza.

"Linafika, mama," mwalimu alisema.